Kinyozi Anayetunza Betri

Nina kibanda cha kushona viatu kwenye kona, na mbele ya kibanda nina benchi. Nililiweka kwa ajili ya wateja wanaosubiri gundi ikauke. Wateja wenyewe hawalipati, maana wamelihamia wanaume watatu ambao hawana kiatu cha kushona wala kazi ya kuwahi. Wa kwanza ni Profesa, ambaye usomi wake wote ni kutunza ufunguo wa maabara ya shule mpaka alipostaafu. Wa pili ni Waya, fundi redio, na mimi sijawahi kusikia redio iliyotoka mikononi mwake ikisema neno. Wa tatu ni Wakili. Huyo aliitwa mahakamani mara moja tu maishani, kutoa ushahidi, na hakimu akamwambia akae chini. Hao ndio waliojiteua, birika la kahawa likiwa katikati, kumtibu Kinyozi.

Kinyozi ni jirani yangu, duka lake na kibanda changu vimepakana ukuta. Mwaka juzi moyo wake ulianza kuchoka. Alikuwa analala amekaa, mito mitatu mgongoni, na ngazi tatu za duka lake alizipanda kwa vituo. Hospitali wakampasua kidogo chini ya mfupa wa bega, wakamwekea kifaa chenye ukubwa wa kiberiti, cha kuusaidia moyo kupiga sawasawa. Daktari alimwambia mambo manne: ameze dawa kila siku bila kukosa, apunguze chumvi, aende kliniki kifaa kikaangaliwe, na betri yake hudumu miaka saba hivi. Katika hayo manne, benchi langu lilisikia la mwisho tu.

Profesa ndiye aliyeanza. Alisema Kinyozi amepata kitu ambacho mfalme hana, yaani uhakika. Kiwanda kimesema miaka saba, kwa hiyo mtu huyu hafi mwaka wa tatu wala wa tano, labda agongwe na lori. Kinyozi alifurahi kama mtoto. Akaenda kumwambia mkewe aache kumhesabia chumvi, kwa sababu kiwanda kimeshatoa neno. Mimi nilikuwa nagonga misumari, nikacheka moyoni. Mtu anayepokea tiba kutoka kwa mtunza ufunguo, niliona, ana lake.

Waya naye asingekubali umeme uzungumzwe bila yeye. Alisema miaka saba ni kwa mtu anayetumia vizuri, na Kinyozi anaitumia vibaya. Akampigia marufuku mashine ya kunyolea, eti umeme wa mkononi unagombana na umeme wa kifuani. Kuanzia siku hiyo Kinyozi akawa ananyoa kwa mkasi, watu wanatoka dukani kwake vichwa vina matuta, wengine wakahamia mtaa wa pili. Halafu Waya akatoa kubwa zaidi.

— Hao wa kliniki wanapoipima betri, wanaipima kwa kitu gani? Kwa umeme. Umeme wa nani? Wako. Kila ukipimwa wamekunyonya wiki mbili.

Nilidhani Kinyozi atamcheka. Hakumcheka. Alikosa miadi ya kwanza, akakosa na ya pili. Siku ya ile ya pili alikaa hapa benchini tangu asubuhi, ametulia tuli, anatunza betri.

Dawa zilifuata. Hizo ni kazi ya Profesa tena. Alieleza, mikono nyuma, kwamba mashine ikishafanya kazi ya moyo, kuupa moyo dawa ni kuajiri watu wawili kufagia chumba kimoja. Kinyozi akaziweka kabatini. Mkewe alikuja hapa siku moja, macho mekundu, akatuomba tumwambie mumewe azimeze. Tukamjibu shemeji asiwe na wasiwasi, kuna wataalamu hapa. Nasema tukamjibu, maana na mimi nilikuwepo, na sindano yangu haikusimama.

Sasa hiyo Jumanne ninayotaka kuisimulia, Kinyozi alikuwa amekaa mwisho wa benchi, shati limefunguliwa vifungo viwili, anapumua kwa mdomo. Alisema usingizi umerudi kuwa wa kukaa. Mtu mwenye akili kidogo angeshtuka hapo. Waya alifurahi. Alisema mwili ukikaa wima usiku, betri inajichaji yenyewe, na hiyo ni dalili njema kabisa. Wakili, ambaye siku nzima alikuwa hajapata la kwake, akashusha sauti na kusema kifaa kile kinasikia. Kila neno linalosemwa karibu nacho linafika hospitali, ndiyo maana wanang'ang'ania uende kliniki, wakamalizie kunakili. Wote watatu wakaanza kunong'ona. Wanaume wazima, wamekaa juani, wananong'ona ili kifua cha mwenzao kisiwasikie.

Wakili akaona amepata wasikilizaji, akasonga mbele. Akauliza, kwa kunong'ona vilevile, itakuwaje Kinyozi akifa na betri ina miaka mitano imebaki. Moyo utaendelea kupiga. Daktari gani atathubutu kuandika amekufa? Mazishi yatangoja miaka mitano? Profesa akasema sheria haijalifikia hilo. Waya akasema kuna swichi, lakini hawatoi siri.

Nilimtazama Kinyozi. Zamani angecheka. Alikuwa anaangalia chini, na nikajua anaogopa, anaogopa kufa kabisa, na kwamba amekuja kukaa na sisi miezi yote hii kwa sababu ya huo woga. Nilimmiminia kahawa.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja na ndala ya ngozi iliyokatika mkanda. Mtu mzima, fundi cherehani, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Wakili akasogea kwa shida, mama akakaa kati yake na Kinyozi, mguu mmoja uko peku, akasubiri nimshonee. Alisikiliza habari ya mazishi ya miaka mitano mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Kinyozi, wengine akawaacha kama walivyo.

— Wamekuwekea lini, kaka?

— Mwaka na miezi miwili.

— Mimi huu ni wa kumi na mbili.

Akavuta kidogo ukosi wa gauni, tukaona kovu chini ya mfupa wa bega, limepasuliwa mara mbili mahali pamoja. Waya akasema haiwezekani, betri ni miaka saba. Yule mama akamwambia, bila kumtazama, kwamba ilipokaribia kuisha walimwita, wakambadilishia kifaa, akarudi kwenye cherehani yake. Walijua inaisha kwa sababu alikuwa anaenda kupimwa. Profesa akakohoa, akasema kwenye sayansi yapo ya pekee.

— Kliniki tulianza sita, mama akaendelea, bado anazungumza na Kinyozi. — Tumebaki wanne. Wawili waliofariki, betri zao zilikuwa nzima. Mmoja aliacha dawa. Mwingine alimeza zote, akaja kila miadi, na akafa. Sikudanganyi, kaka. Sina karatasi ya miaka mingapi. Lakini sisi wanne tuliobaki, hakuna aliyeacha dawa.

Kinyozi akauliza kwa sauti ndogo kama mtu anaweza kuanza tena. Mama akasema hilo la kumuuliza daktari, tena leo, siyo kesho. Akainama. Nilidhani anaangalia kama ndala yake imekaribia kuwa tayari, kumbe anaangalia miguu ya Kinyozi. Alibonyeza kidole juu ya kifundo, akakiondoa. Shimo likabaki pale kwenye ngozi iliyovimba, halijai. Kisha akashika kiatu chenyewe, akapitisha kidole ubavuni, mahali ngozi ilipovutwa ikapauka. Mtu wa cherehani huwezi kumficha kitu kilichoongezwa upana.

Akainua uso, na kwa mara ya kwanza akatutazama sote.

— Viatu hivi vimepanuliwa mara ngapi?

Profesa alitazama kikombe chake. Waya alijipapasa mfuko kama ana bisibisi humo. Wakili alikaa chini vizuri zaidi ya alivyokuwa amekaa. Safari hii siwezi kuwacheka, maana hawakuwa na namna ya kujua. Mwenye kujua nilikuwa mimi. Mimi ndiye mwenye kalibu, ule mguu wa mti wa kupanulia viatu. Nilivipokea viatu vile mwezi uliopita, nikavitia kalibu, nikavirudisha. Wiki iliyopita akaja navyo tena, vinambana, nikatia kalibu kubwa zaidi. Nimeshika miguu ya watu miaka ishirini na saba. Wale watatu walikuwa wanapayuka tu. Mimi nilikuwa nimeushika ugonjwa wenyewe mkononi, mara mbili, nikaona nina haki ya kuwadharau.

Nilimrudishia mama ndala yake. Nikaweka nyundo chini, nikafunga mlango wa kibanda, nikamwendea Kinyozi nikamshika kwapani ainuke. Alikuwa mzito.

— Mara mbili, nikasema. — Nimevipanua mimi.

Alisimama kwanza, akapumzika, akitafuta pumzi ya kujibu. Hakuwa na hasira.

— Na mara zote mbili, akasema, uliniambia nimenawiri.