Bwana Gundi na Neno "Yaani"

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Idara ya Mipango Miji itamuaga mtumishi aliyekaa nayo kuliko sote: miaka thelathini na tatu, miezi minne na ndoo kumi na tisa. Ndoo tumezipata kwenye daftari la stoo, maana kila moja aliisainia. Mwezi uliopita aliomba ya ishirini, akajibiwa astaafu na hiyo hiyo yenye ufa.

Hapa ofisini anaitwa Gundi. Mwaka juzi karani wa masijala alimwita kwa jina la kwenye cheti cha kuzaliwa, mara tatu, kwa sauti, na Gundi akabaki anakunywa chai yake. Baadaye alituuliza huyo bwana anayetafutwa ni nani, na kama ni mtu wa kudaiwa.

Kwa wenzetu wa idara nyingine wanaodhani matangazo hujibandika yenyewe, kazi ya Gundi ilikuwa hivi. Mtu akitaka kugeuza nyumba ya kuishi iwe duka, karakana au ghorofa, lazima majirani waambiwe. Tangazo linabandikwa mtaani, linakaa siku ishirini na moja, wenye pingamizi wanaleta pingamizi, Kamati ya Ushauri ya Wakazi inawasikiliza, kisha inawashauri madiwani, nao madiwani wanaamua. Msururu wote huo unaanza na mtu mmoja mwenye ndoo, brashi na ngazi.

Ngazi ina habari yake. Gundi aliajiriwa kama tarishi. Wiki ya pili mbandikaji wa zamani alihamishiwa Idara ya Maji, na Gundi akaulizwa kama anaogopa kupanda juu. Alisema haogopi kabisa. Ukweli ni kwamba anaogopa hata kusimama juu ya kiti. Kwa miaka thelathini na tatu ameibeba ngazi ile begani, ameiegemeza kwenye kila nguzo ya mji huu, kisha akabandika tangazo usawa wa kifua chake, akaiteremsha ngazi na kuondoka nayo. Watu walimheshimu sana kwa ngazi ile.

Lakini usawa wa kifua cha mtu ndio usawa wa mdomo wa mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Gundi alipika gundi yake mwenyewe kwa unga na maji, akaikoroga vizuri, akatia na chumvi kidogo ili isichache. Mbuzi waliipenda mno. Tunalo faili la mwaka wake wa nne ambalo limefungwa kwa maneno mawili, kwa mwandiko wake: "Tangazo limeliwa." Akajaribu kutia pilipili. Mbuzi walipumzika siku mbili, wakarudi na wenzao.

Tena kuna habari ya lori. Asubuhi moja ya ukungu alibandika tangazo la kuongeza ghorofa kwenye kile alichodhani ni ukuta. Kilikuwa ubavu wa lori la mizigo. Lori likawaka, likaondoka na tangazo letu, likazunguka nalo miji sita. Pingamizi kumi na nne zikaletwa kwa posta na watu ambao hawajawahi kutia mguu hapa. Kwa kuwa sheria inasema "mtu yeyote" anaweza kupinga, zote zilisomwa. Moja, ya mwalimu mstaafu kutoka mbali huko, ilieleza vizuri sana habari ya vivuli vya maghorofa na kukauka kwa nguo, hata wajumbe wakaipigia makofi.

Nimetaja wajumbe. Kamati ya Ushauri ya Wakazi ilipoundwa, Gundi alipewa na kazi ya ukatibu, kwa hoja kwamba ndiye pekee katika idara anayejua mitaa yote kwa miguu. Wakazi nao wakachagua mwenyekiti wao: mama mmoja mkunga mstaafu, mwenye sauti ya kusimamisha msafara. Alikuwa mama mkwe wake Gundi.

Hapo Gundi alipata shida kubwa ya adabu. Je, amwamkie kama mkwe, kwa kuinama na macho chini, au amwite Mheshimiwa Mwenyekiti na kumwambia muda wake wa kuongea umekwisha? Akapata dawa yake. Aliingia ukumbini, akasema "Shikamoo mama," akaulizwa habari za watoto, akajibu. Kisha akatoka nje. Baada ya dakika moja akaingia tena na faili kwapani, akasema, "Habari ya mchana, Mheshimiwa Mwenyekiti." Amefanya hivyo kila kikao kwa miaka ishirini na moja. Wageni walidhani ni mapacha.

Tatizo lililobaki ni kwamba hakuna aliyekuja. Wajumbe saba walikaa mbele wamejipanga kama watu wanaosubiri kupigwa picha, na upande wa wananchi akawepo mlinzi wa ukumbi, pamoja na baba mmoja aliyekuwa akitafuta ofisi ya leseni za baiskeli. Hali ikawa hiyo hiyo miaka mingi. Mimi ninayeandika haya ndiye niliyekuwa mpiga chapa wa mihtasari, na sehemu ya maoni ya wananchi nilikuwa nimeiandaa kabisa: "Hayakuwepo."

Sasa niingie kwenye kisa chenyewe. Katika mwaka wa kumi na nane wa utumishi wa Gundi, mfanyabiashara mmoja aliomba kugeuza viwanja vinne kwenye mtaa mwembamba wenye nyumba arobaini na moja. Mtaa wenyewe ni ule ambao magari mawili yakikutana, moja hurudi kinyumenyume na dereva wake hukasirika mpaka jioni. Mwenyekiti wetu anaishi pale. Gundi akabandika matangazo tisa yaliyosema, kama kawaida: "Kusudio la kubadilisha matumizi ya viwanja namba 112 hadi 115 kutoka makazi ya msongamano wa kati kwenda matumizi mchanganyiko yenye huduma za mikusanyiko."

Kando ya nguzo ya tisa alikaa fundi cherehani barazani kwake. Gundi akamuuliza, "Dada, umelisoma?"

"Nimelisoma mara mbili, kaka."

"Umeelewa nini?"

Fundi akafikiri, akang'ata uzi. "Kwamba kuna vitu vimechanganyika, ila wakubwa wanalishughulikia."

Gundi alituambia kwamba alisimama pale muda mrefu, brashi ikimdondoshea gundi kwenye kiatu. Miaka kumi na minane, akawaza, nimekuwa nikiwabandikia watu kitu wasichokielewa, mimi na mbuzi tu ndio tunaofaidi. Akatoa kalamu nene ya wino mfukoni. Chini ya tangazo akaandika kwa mkono wake: "YAANI: wanataka kujenga ukumbi wa harusi hapa, watu mia nane, na muziki. Kama unapenda usingizi, au unapenda harusi, njoo useme. Jumanne, wiki tatu kuanzia leo, saa tisa alasiri, ukumbi wa baraza." Akarudi nyuma nguzo kwa nguzo, akaandika kwenye yote tisa.

Kesho yake wakili wa mfanyabiashara alikuwa ofisini kwa Mkuu wa Idara. Keshokutwa Gundi akaitwa. Mlango haukufungwa vizuri, na mashine yangu ya kuchapa ilikuwa karibu, kwa hiyo ninayo maneno kamili.

"Wewe umeajiriwa kubandika au kufasiri?"

"Kubandika, mkuu."

"Sasa hiyo yaani imetoka wapi?"

"Imenitoka tu, mkuu."

Alitoka na barua ya onyo: yaani moja zaidi, na kazi hana. Tuliomwona siku ile hatukucheka. Alikuwa na watoto watatu shuleni, na alikaa kwenye chumba cha chai ameishika barua kwa mikono miwili kama trei iliyojaa glasi. Akaniuliza kama nadhani alikosea. Nikamwambia sijui. Akasema, "Na mimi sijui. Ila yule dada ana cherehani yake pale, na hakuna aliyemwambia."

Kisha akaenda kutimiza amri, maana alikuwa ameamriwa afute maandishi yake kwenye nguzo zote tisa. Alikwenda na kitambaa na maji. Alisugua kwa uaminifu wote. Bahati mbaya wino wa ofisi ulikuwa wa kuoshwa na maji, na wino wa kalamu yake haukuwa hivyo. Kufika saa sita mchana, kusudio lote lilikuwa limefutika pamoja na namba za viwanja, na kwenye nguzo tisa ikabaki aya yake ya "YAANI" peke yake, safi, inang'aa. Taarifa yake ya kazi ya siku ile ina mstari mmoja: "Nimefuta kadiri maji yalivyoruhusu."

Wiki tatu zilipotimia, Jumanne walikuja watu mia mbili na kumi na wawili. Viti vyetu vilikuwa arobaini. Watu walikaa madirishani, fundi cherehani alikuja na gauni la mtu akaendelea kulipinda, na bwana harusi mtarajiwa mmoja alikuja kuunga mkono ukumbi akiwa na mchumba wake, aliyekuja kuupinga. Gundi aliingia, akaamkia, akatoka, akaingia tena. Mkuu wa Idara alikuwa amekaa safu ya mbele.

Wakili akasimama kwanza. Akasema tangazo ni batili kwa sababu limeongezwa maneno ya uchochezi, na kikao kivunjwe. Mwenyekiti akamsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mwanangu, mteja wako anajenga ukumbi wa harusi?"

"Si ukumbi wa harusi, Mheshimiwa. Ni kituo cha matukio ya kijamii."

"Matukio kama yapi?"

Wakili akafungua makaratasi, akayafunga. "Kwa mfano… harusi."

"Watu wangapi?"

"Mia nane."

"Na muziki?"

"Wa kiasi."

Ukumbi mzima ulicheka kwa neno hilo la kiasi. Mwenyekiti akagonga meza. "Basi hebu nioneshe hapo kwenye tangazo uongo uko wapi. Maana naona ameita wanaopenda usingizi na wanaopenda harusi, wote. Mimi mwenyewe napenda vyote viwili."

Hapo mfanyabiashara mwenyewe akainuka, akamwambia wakili wake akae. Alisema kwa upole kwamba hakujua mtaa ule una wauguzi wa zamu wanaolala mchana na waoka mikate wanaoamka alfajiri. Yeye alioneshwa ramani tu, na kwenye ramani watu hawaonekani. Majadiliano yakaenda kwa muda wa saa tatu. Mwisho Kamati ikashauri viwanja vibaki vya makazi, na ukumbi ujengwe kwenye maghala ya zamani kando ya barabara kuu, ambako hakuna anayelala isipokuwa mlinzi, na yeye hatakiwi kulala. Wiki mbili baadaye madiwani walipiga kura, na ushauri ukapita kwa kura moja. Ukumbi upo, umepakwa rangi ya waridi, na ndimo tutakamoagana Ijumaa.

Na Gundi? Miezi mitatu baada ya kikao kile, Mkuu wa Idara alitoa waraka kwamba kila tangazo liwe na aya moja ya lugha ya kawaida, inayoanza na neno "Yaani". Hakumwomba radhi mtu. Ila alimletea Gundi kalamu mpya mbili, akaziweka mezani, akaondoka haraka kama aliyesahau maji jikoni. Barua ya onyo bado imo kwenye faili, kwa kuwa hakuna anayejua fomu ya kuiondolea.

Tusidhani ukatibu ulimwendea laini baada ya hapo. Muhtasari wa kikao kimoja cha joto kali ulisomeka: "Saa 10:05 hadi 10:09 Mwenyekiti alisinzia." Mama mkwe aliusoma, akamnunia wiki sita. Mkewe Gundi akamsihi afute. Gundi akasema kumbukumbu haifutwi na mtu mmoja nyumbani, inarekebishwa na kikao. Ikapelekwa kikaoni, ikajadiliwa, na kwa kauli moja ikawa: "Mwenyekiti alitafakari." Hapo ndipo amani ilirudi na Gundi akaalikwa tena chakula cha Jumapili.

Wengi mmeuliza atafanya nini sasa. Anataka kufuga kuku uani kwake. Banda la kuku kwenye eneo la makazi linahitaji kibali, kwa hiyo Jumanne iliyopita, kwa mara ya kwanza maishani, Gundi alikaa kwenye benchi la waombaji. Alivaa suti. Wajumbe walimuuliza maswali kumi na moja, matatu kuhusu harufu. Mama mkwe wake, ambaye sasa ana miaka themanini na mbili na hajaachia kiti, alitangaza kwamba ana uhusiano na mwombaji, akajiondoa kwenye uamuzi kama taratibu zinavyotaka, akashuka jukwaani, akakaa na wananchi, kisha akanyoosha mkono na kupinga majogoo.

Gundi alisimama kumjibu. Miaka yote ameandika maneno ya wengine, na tulikuwa na hamu ya kusikia ya kwake. Alikohoa, akatazama karatasi yake, akaikunja. "Nimewasikia," akasema. "Jogoo nimemwacha." Wajumbe wakampa kibali cha kuku wanane majike, naye akaomba radhi kwa usumbufu, akamsaidia mama mkwe wake kushuka ngazi, wakaondoka wamekumbatia faili moja, kila mmoja na upande wake.

Ndugu yetu Gundi, mji huu una mitaa ambamo watoto wanalala, na hawajui kwamba uliwahi kushika barua ya onyo kwa ajili yao. Sisi tunajua. Asante kwa nguzo zote, na kwa viatu ulivyovimaliza. Nenda salama nyumbani kwako, ule mayai, ulale mchana ukitaka, na siku zilizobaki zikuendee kwa utulivu.