Mzee Vichwa, Aliyewashusha Farasi Chini

Baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, mwandishi wetu mkongwe wa programu, tuliyezoea kumwita Mzee Vichwa, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Alianza akiwa fundi wa mashine za ofisi, akajifunza programu kwa kuchungulia mabegani mwa wenzake, na mwisho akawa yeye wa kuchunguliwa.

Jina alilipata wakati tukitengeneza mchezo wa kompyuta wa mbio za farasi. Katika kihariri, yaani programu ya kuwekea vipimo vya mchezo, kila farasi alikuwa na visanduku themanini na vinne vya kujaza namba, vimerundikana bila mpango. Wiki mbili kabla ya maonyesho ya michezo, mbunifu wetu mpya, binti mmoja, akaweka namba ya uzito kwenye kisanduku cha kasi. Mbele ya wageni wa majaribio, farasi akapaa juu ya watazamaji, asionekane tena. Wageni walicheka. Binti wa watu hakucheka. Alikwenda kuandika barua ya kuacha kazi.

Mzee alimkuta nayo mkononi. Akamwambia kosa ni la aliyevirundika visanduku, na aliyevirundika ni yeye. Akaomba siku nne avipange. Meneja akanung'unika kwamba mchezaji hataviona kamwe. Mzee akamjibu taratibu kwamba farasi wanaopaa atawaona.

Siku hizo nne alipachika alama fupi katika msimbo wa programu, juu ya kila data, na kihariri kikazisoma kikajipanga chini ya vichwa vya maandishi, ndivyo vilivyompa jina: cha Mwili, cha Mwendo, cha Sauti, na nafasi katikati ili macho yapumue. Kasi ikawekewa kikomo. Ukipitisha kipanya juu ya kisanduku, maelezo yanajitokeza. Cha hasira kilionya kwamba ikizidi nane, farasi huyo usimpe hata shemeji yako. Barua ikachanwa, maonyesho yakafana, na mbunifu yule leo ndiye mkuu wa kitengo.

Malaika si yeye. Hupiga mluzi wa wimbo mmoja tu, nasi tumeusikia miaka yote. Hata kabati la jikoni alilibandika vichwa: Vikombe, na chini yake, Vikombe vya Wanaoosha Vikombe.

Tulitenga wiki nzima ya kukabidhiana kazi. Ikaisha saa nne asubuhi ya siku ya kwanza, kwa kuwa kila kisanduku kilijieleza chenyewe. Siku zilizobaki amezunguka meza kwa meza, akikaa na kila mmoja wetu.

Asante, mzee wetu. Kapumzike na mama watoto, wajukuu wakuchoshe kwa raha. Tunakutakia afya njema na asubuhi ndefu zisizo na kengele.