Mikono ya Bi Rukia wa Ipogolo

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni na mlio dukani, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Bi Rukia binti Halfani. Alizaliwa Ipogolo, Iringa. Amefariki Mbeya, Ijumaa iliyopita, akiwa bibi wa wajukuu wengi. Bi Rukia hakusikia. Lakini alisema, tena alisema sana.

Aliugua surua akiwa mdogo. Homa iliposhuka, usikivu nao ulikuwa umekwenda. Watu wakamwita bubu. Mdogo wake, Bi Chiku, neno hilo hakulipenda kabisa. Wawili hao walijitungia lugha ya mikono, kidogo kidogo, wakiosha vyombo, wakichota maji mto Ruaha Mdogo. Kuvuta kanga begani, huyo ni mama. Kushika kidevu, huyo ni baba. Vidole vikicheza shingoni, hiyo ni mvua, maana mvua ya Iringa ilikuwa ikikukuta njiani na kukuingia kwenye kola.

“Kwetu tulikuwa na lugha tatu,” Bi Chiku ameniambia juzi. “Kiswahili cha ndani, Kihehe cha majirani, na mikono ya Rukia. Hiyo ya tatu baba hakuijua.”

Baba yao, Mzee Halfani, alikuwa na duka la kanga na vitambaa vya marekani kando ya barabara kuu. Mwaka 1956 ikaja posa. Mposaji aliitwa Othmani, mfanyabiashara wa Mbeya, mtu mzima, mwenye malori. Mzee Halfani aliona ni bahati. Alikuwa akiwaza, mimi nikifa, huyu mtoto atabaki na nani? Akakubali. Hakumuuliza Rukia. Hakujua hata namna ya kumuuliza.

Rukia alikuwa amemwona Othmani mara moja tu, siku anafagia baraza ya duka. Othmani alimnyemelea, akapiga makofi nyuma ya kisogo chake, kama mtu anayefukuza kuku, ajue kama kweli hasikii. Rukia aliona kivuli cha mikono ukutani. Alipogeuka, akamkuta anacheka.

Siku ya ndoa ikafika. Pilau inanukia mtaa mzima. Rukia kapakwa hina, anafikiri ni ya sikukuu. Kisha akaona wanawake wanamtazama yeye. Akamuuliza mdogo wake kwa mikono: harusi ya nani? Mama yao, Bi Mwanakhamisi, alikuwa amemkataza Chiku asiseme lolote.

“Nikamwambia,” anasema Bi Chiku. “Ningemfichaje? Mtu wa kumwambia nilikuwa mimi peke yangu.”

Ndipo shehe akaja mlangoni pamoja na mashahidi wawili. Wasikilizaji wapendwa, mnajua utaratibu. Mwari huulizwa kama ameridhia. Shehe akauliza. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Shahidi mmoja akasema kimya cha mwari ni ridhaa, twendeni tukafunge ndoa. Walikuwa wameshageuka pale Chiku aliposema:

“Shehe, dada hajasikia swali.”

Shehe akasimama. Akamtazama yule binti mdogo. “Basi muulize wewe.”

Chiku akauliza kwa mikono. Rukia akainuka, akaja mpaka kizingitini, kanga kichwani, wanaume wote ukumbini wakimwona. Akapiga makofi nyuma ya kisogo chake mwenyewe. Akamwonyesha Othmani kwa kidole. Kisha akanyoosha viganja vyote viwili, vyekundu kwa hina, akasukuma hewa mbele yake.

Hapakuhitajika mkalimani. Shehe aliwarudia wazee, akasema, “Mwari amejibu. Hakuna ndoa hapa.”

Pilau ililiwa, watu wakatawanyika mapema. Othmani akapanda lori lake, akarudi Mbeya. Mzee Halfani alifunga duka siku kadhaa kwa aibu. Akija nyumbani anakula, anaangalia chini. Rukia naye alimkwepa.

Jioni moja, baridi ya Juni imekaza, mzee alimwita Chiku pembeni. Hakuitaja harusi. Alitaka kujua tu mtu anasemaje “umekula” kwa mikono. Chiku akamwonyesha. Mzee akaenda mpaka kwenye jiko la mkaa alipoketi Rukia, akachuchumaa mbele yake, akajaribu. Mikono yake ilikuwa mizito, akakosea, ikawa kama anasema ng’ombe. Rukia akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaishika mikono ya baba yake, akaiweka sawa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1958, Rukia aliolewa na Selemani, fundi cherehani wa pale pale kwenye baraza ya duka la baba, aliyejifunza lugha yake kwa kuitazama tu. Safari hii aliyemuuliza Rukia kwa mikono alikuwa baba yake. Akajibu ndiyo. Wakahamia Mbeya, wakazaa, wakalea. Jirani yake wa huko, Bi Sekela, anasema watoto wa mtaa mzima waliijua mikono ile, na walipotaka kusengenya mbele ya wakubwa, waliitumia hiyo.

Kwa Bi Chiku, kwa watoto na wajukuu, tunawapa pole sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Rukia.

Nasi tuliobaki, tujitazame. Huenda nyumbani kwako yuko mtu ambaye mambo yake yote huamuliwa na wengine, kwa kuwa hasemi. Leo, kabla ya chakula, kaa mbele yake. Muulize anataka nini. Usiondoke mpaka akujibu.