Mpagazi wa Mwalimu Mektilda

Mwalimu Mektilda Lugembe alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 kijijini Goweko, mtoto wa mkulima wa tumbaku. Siku ya ubatizo alimshika padri ndevu. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba tangu siku ile hakuacha kupapasa yasiyomhusu, na mdogo wake Adelina, anayeusoma wasifu huu, ni shahidi.

Alianza shule ya msingi Kigwa mwaka 1965. Treni ikipita, wenzake walipunga mikono. Yeye aliuliza lile behewa limebeba nini. Wenzake walimchoka. Walimu hawakumchoka, wakamsogeza mpaka chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka 1977.

Alifundisha jiografia Tabora mjini hadi alipostaafu mwaka 2017. Wanafunzi wake hawajasahau alivyowatembeza kwa miguu kwenye njia ya zamani ya misafara, kila mmoja na tofali kichwani, ati wajue babu zao walipita vipi. Wazazi walilalamika. Mwaka uliofuata akarudia.

Tarehe 6 Septemba 1980 alifunga ndoa na Ezekia, fundi wa reli, katika kanisa la Moravian. Alihamia kwa mumewe na rozari yake, na Mzee Ezekia, pamoja na uzee wake wa kanisa, hakuigusa. Walijaliwa watoto wawili, Sylvester na Magreth.

Sasa tuseme lile mnalolisubiri. Mwaka 2021 Sylvester alimletea mama yake kutoka Dar mchezo wa mezani ambao kila mchezaji anajichagulia mtu wa kuwa katika nchi ya hadithi. Msimulizi anaeleza wanayokutana nayo, na dadu inaamua nani anapona. Moiz, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, alichagua shujaa wa upanga, kama wachaguavyo wengi. Jirani yetu Usha akawa mchawi wa kurusha moto. Wageni wa mchezo, karibu wote, hutaka kuwa wale wapiga mishale wa msituni wenye masikio marefu. Mwalimu akasema, "Mimi mpagazi."

Benjamini, msimulizi wao, akapekua mwongozo. "Mwalimu, mpagazi hayumo."

"Kwa hiyo mizigo yenu inatembea yenyewe?"

Basi akawa mpagazi, hana silaha, kichwani mzigo uliokazwa kwa kamba. Walipokutana na joka, Moiz alichomoa upanga. Mpagazi akaliuliza joka linatoza hongo ya kupita njia kiasi gani. "Mwalimu, hili ni joka, si mtemi!" Moiz alifoka. "Mbona watemi nao walimeza misafara?" Joka likapokea chumvi, safari ikaendelea, na Moiz akanuna mpaka chai ilipoletwa.

Lakini ule mzigo, jamani! Usha alisema ni dhahabu, Moiz alisema ni maiti ya mfalme, na Benjamini mwenyewe hakuambiwa. Aliyeteseka kuliko wote ni Mzee Ezekia. Kusikia tu habari za uchawi barazani kwake, alikataa kuketi nao. Ila kila Jumamosi kiti chake kilisogea dirishani. Mkewe akimwita, "Baba Sylvester, njoo, nafasi ipo," alijibu kwamba anasikiliza taarifa ya habari. Redio ilikuwa imezimwa.

Mwaka 2024 moyo ulianza kumsumbua Mwalimu, na Mei mwaka huu wa 2025 akalazwa. Hapo ndipo Mzee aliposhindwa kuvumilia. "Mama Sylvester, niambie mimi tu. Mle mna nini?" Mwalimu akacheka mpaka nesi akaja. "Sijui, baba. Mpagazi hafungui mzigo asioufunga." Kisha akamshika mkono. "Nikiondoka, usiwaache watu wangu njiani. Kaa kwenye kiti changu." Mwalimu alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 3 Juni, kabla hajajibiwa. Jambo hilo limemuuma mumewe sana, naye ameruhusu lisomwe.

Juzi Alhamisi, hapa msibani, mtani wetu Siwema, Mgogo, aliingia ndani bila hodi, akatoka na boksi la mchezo, akalibwaga mezani mbele ya kiti cha marehemu. "Mnyamwezi kafa na mzigo kichwani! Leo halipakuliwi jungu hapa mpaka huyu mpagazi apate mwenyewe!" Mtani hakatazwi. Moiz, macho mekundu, akasema labda mpagazi azikwe na Mwalimu. Mzee Ezekia akainuka. Tulidhani anakwenda kuliondoa lile boksi. Akaketi kwenye kiti cha mkewe.

Benjamini akamwambia taratibu, "Mzee, sasa mpagazi ni wewe. Mzigo uko chini, mbele yako. Wenzako wanakuomba uufungue. Unafanya nini?"

Hata waliokuwa wakichambua mchele walisogea. Mzee wa watu alikuwa amelitamani jambo hilo miaka minne. Akavua kofia, akalia kwanza, mbele ya watu. Kisha akasema, "Mpagazi hafungui mzigo asioufunga. Nitwisheni."

Mwalimu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, wadogo zake, wanafunzi wengi, na mpagazi mmoja ambaye Jumamosi ijayo atakuwa barazani. Mungu aipumzishe shingo yake kwa amani. Na huko aendako, akimkuta aliyeufunga ule mzigo, tafadhali amuulize, maana mumewe bado anataka kujua.