Bendera ya Tarehe Kumi na Nane

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mwenyekiti wa kijiji, wazee wetu, mabibi na mabwana.

KARIBU KUSUMDANGA
Sisi wanawake washonaji tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tumemsikia karani wako akinong'ona kwamba tumekudharau kwa kukuandalia bisi za mchele na sukari guru. Hatukukudharau. Leo ni tarehe kumi na saba Agosti, na hapa kwetu jiko haliwashwi tangu kumi na tano mpaka kesho asubuhi. Hata ungekuwa mkwe wetu ungekula hizohizo.

TULIKOTOKA
Mwaka 1947 India ilipopata uhuru, Delhi walicheza ngoma. Sisi tulilia. Mpaka ulichorwa na mtu asiyejua hata njia ya kisimani kwetu, na tukaambiwa tumeangukia Pakistani.

Bibi Niharbala Pramanik, huyu aliyekaa mbele yako, alikuwa na miaka kumi. Mama yake alikuwa ameshashona bendera ya India kwa vipande vya sari. Akaificha ndani ya chungu cha wali. Sasa angepikia nini? Majirani nao wakazima meko, wasimwache peke yake. Siku tatu kijiji kizima kilitafuna bisi. Usiku wa kumi na saba redio ikatangaza kwamba wilaya yetu ni ya India. Asubuhi ya kumi na nane bendera ikatoka chunguni kwa vigelegele, na chungu kikarudi jikoni.

TULIYOYAFANYA
Tangu hapo tumeitweka bendera ileile kila mwaka. Ilipochanika tuliitia viraka. Watoto wetu wakiandika tarehe yetu kwenye mtihani wanakatwa alama, lakini tunawafundisha vilevile.

KINACHOTUCHOMA
Mheshimiwa, tumekasirika na hatufichi. Mwaka jana alikuja ofisa wa polisi, akamwuliza Bibi mbele za watu, "Uhuru umepita siku tatu, bibi. Ulikuwa umelala?"

Bibi akamjibu, "Siku hizo tatu ndizo sikulala, mwanangu."

Ofisa akaishusha bendera, akasema ina viraka, eti ni kuidharau nchi. Akaikunja kama taulo, akaitia kwapani, akaondoka. Nani kaidharau nchi hapo? Tumekwenda kituoni mara tisa, na kila mara ni njooni kesho.

OMBI
Tulikuwa na maombi mawili, barabara na pampu ya maji. Tumeyafuta yote mawili. Tunataka bendera yetu kabla ya kesho kupambazuka. Kwa gari lako, kituoni ni nusu saa.

Bibi Niharbala hajawasha jiko tangu siku ile. Mwaka mzima anakula bisi. Wakwe zake wamembembeleza, daktari amemgombeza, naye anawajibu, "Siku zangu tatu hazijaisha."

Tunakuombea afya, umri mrefu na safari njema ya kwenda kituoni na kurudi. Mchele wa Bibi tumeshauchambua.

Ni sisi,
Wanawake Washonaji wa Kusumdanga.
Imesomwa na katibu, Shefali Halder.