Kafi la Enok

Benchi liko nyuma ya duka, upande usiopigwa na upepo, na wazee wawili hulikalia asubuhi na chupa yao ya kahawa. Msumari ni fundi seremala. Injini aliuza kayaki yake akanunua boti ya mota, lakini bado anajiona bingwa wa kayaki. Mimi hukaa pembeni na mtoto mgongoni, nasikiliza. Siku hiyo mdogo wangu Ivalu alipanda kutoka majini akitiririka maji, kafi begani. Kesho yake walikuwa wanachaguliwa wa kwenda mji mkuu, Nuuk, kwenye mashindano ya kujipindua na kayaki na kuinuka tena, na yeye kila akijipindua, kichwa chini, alishindwa kuinuka.

— Umetuachia bahari kidogo, Mzee? Injini akamchokoza.

Jina jingine la Ivalu ni Enok, la mwindaji aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Kwetu mtoto akipewa jina la marehemu, ni marehemu mwenyewe amerudi. Enok alikuwa kaka yake Msumari, ndiyo maana Msumari humwita binti huyu kaka, na majira haya ya baridi alimchongea kafi.

— Linanigeuka mkononi, alisema Ivalu. Nikisogeza mkono mpaka kwenye bapa ili nijiinue, linaniponyoka.

— Bapa jembamba mno, akasema Injini. Angalia propela yangu ilivyo pana!

— Likiwa pana si litakamata upepo, limng'oe bega? akabisha Msumari. Na kelele zake majini, sili wa kuwindwa watahama wote.

— Kwani kesho sili ndio wanaotoa alama?

— Basi ni kingo. Nimeziacha nene, akasema Msumari.

— Wala! Ni ubao wenyewe. Uliletwa na bahari kutoka mito ya mbali huko, umezoea kwenda mbele tu. Ukiupindua unapotea njia.

— Na wewe ulipinduliwa lini?

Wakacheka. Ivalu hakucheka. Aliketi kando yangu, midomo imekuwa ya bluu, nikampa kikombe changu.

— Sitajiandikisha, aliniambia kwa sauti ndogo.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Alikuwa Pilunnguaq, mwoka mikate mpya wa duka, aliyeshuka na meli wiki ile. Akamwona Ivalu amelishika bapa kwa mkono mmoja, vidole havifiki ukingo wa pili.

— Hili mlilipima kwa mkono wa nani?

— Wa mwenyewe, akajibu Msumari. Wa Enok. Kafi lake la zamani ninalo, nimelifuatisha lilivyo.

— Enok huyu hapa? akauliza Pilunnguaq, akionyesha mkono wa Ivalu.

Injini akajifanya anatafuta kifuniko cha chupa. Msumari aliutazama mkono wa Ivalu, mdogo, mwekundu kwa baridi, kama vile hajawahi kuuona. Kisha akapiga magoti kwenye theluji, akachomoa kisu na penseli.

— Nikilipunguza halitakuwa tena kama lake, alisema, bila kumtazama mtu.

Akanyoosha kiganja.

— Lete mkono, kaka. Huu wa sasa.