Shikamoo ya Mama Elia

Bwana apewe sifa, wapendwa! Mgongo wangu umepinda, lakini leo moyo umenyooka.

Ndugu zangu, zamani kila mmoja aliishi kivyake porini, wala sikujua jirani anapika nini. Tulipohamia kijiji cha ujamaa nyumba zikapangwa mstari, mlango wangu ukatazamana na wa Mama Elia. Sisi ni rika moja, tuliolewa mwaka mmoja. Mwanawe Elia, dereva huko Singida mjini, akamwezekea bati. Mimi na tembe langu la udongo! Yeye meno yote anayo, mimi nimebaki na ya kuchekea tu. Kila asubuhi nilimkagua kama bwana shamba anavyokagua mtama. Uji ukanishinda, nikakonda.

Siku moja, katika shamba la kijiji, mbele ya wanawake wote, akaniambia, "Shikamoo!" Rika langu kuniamkia! Nikajua ananicheka uzee. Sikuitikia. Nikaacha shamba, nikaacha na ibada. Wivu ulikuwa unaniua, nasema wazi.

Ndipo Mama Elia akaja na bakuli la mlenda, akapiga magoti mlangoni. "Dada, nimekukosea nini?"

"Mbona unaniamkia kama bibi yako?"

Akashangaa. "Si wewe uliyenizalisha Elia, alipokuwa amekaa vibaya tumboni, watu wote wamekata tamaa? Naamkia mikono hiyo, dada."

Ee Mungu wangu! Mimi mkunga, niliyepokea nusu ya kijiji hiki, nimekaa nakodolea paa la mwenzangu! Na huyo aliyelileta, wa kwanza kumshika duniani ni mimi! Nikalia. "Marahaba," nikamwambia, "marahaba, mdogo wangu!" Tukaomba palepale, na ule mlenda tukaumaliza wote wawili.

Asante, Yesu! Leo najivuna katika Bwana, wala sioni haya. Hao waliotuimbia kwaya sasa hivi, wengi nimewakata kitovu mimi.

Mzee mwenzangu, unayejipima kwa ua wa jirani, mtegemee Bwana. Muulize yeye alikupa wewe kazi gani, atakuonyesha. Na Jumapili ijayo mkiona nafasi yangu iko wazi, msiseme Debora amerudia wivu wake. Kuna mama anajifungua!